Mgahawa wa jirani umeanza kuzorota: nimwambie mwenyewe au niandike maoni mtandaoni?

Mkaazi wa Ghorofa ya Pili aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri katika jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limenikaa rohoni kwa wiki kadhaa sasa.

Karibu na ninapoishi pana mgahawa mdogo wa meza 9 ambamo nimekuwa nikila kwa miaka 6, mara mbili au tatu kwa wiki. Si mahali pa kuvalia nguo za sherehe. Unaingia na kandambili zako, unakaa palipo wazi, mhudumu anakuuliza kama ni ile ile ya siku zote, na kabla hujamaliza kusoma ujumbe mmoja kwenye simu, supu imeshafika. Mwenye mgahawa namfahamu kwa jina. Yeye naye anafahamu kwamba sipendi chumvi nyingi, na kipindi mama yangu alipolazwa ndiye aliyekuwa akinifungia chakula cha kumpelekea, akikiweka kaunta tayari ili nisikose muda wa kuona wagonjwa.

Tangu miezi mitatu iliyopita mambo yamebadilika. Supu inafika ikiwa vuguvugu, na siku moja ilikuwa na mafuta yaliyokwisha kuganda kwenye kingo za bakuli. Mara mbili bili imekuja na kitu ambacho sikuagiza. Nilipoonyesha kilifutwa, lakini pole sikupewa. Wahudumu wawili niliowazoea hawaonekani tena, na kijana aliyepo sasa huweka sahani mezani huku macho yake yakiwa mlangoni. Juzi nilisubiri chakula kwa dakika 40. Nikiwa katika hali hiyo, mwenye mgahawa alipita karibu na meza yangu akaniuliza, "Mambo yote sawa?" Nami, kwa sababu nisiyoielewa hadi leo, nikajibu, "Sawa kabisa, asante."

Jibu hilo linanisumbua kuliko supu yenyewe. Nilirudi nyumbani, nikafungua ramani ya mtandaoni, nikaanza kuandika maoni: nyota mbili na aya tatu ndefu. Nilipofika aya ya tatu nikaona naandika mambo ambayo nilikuwa na nafasi ya kuyasema nusu saa iliyotangulia, kwa mtu aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokaa, na ambaye kesho asubuhi nitamkuta akifagia kibaraza chake nikimpita kwenda kazini. Nikafuta yote. Hata hivyo, najiuliza kama kufuta kule hakukuwa woga niliouvisha vazi la adabu, kwa sababu watu wengine wanaotafuta mahali pa kula nao wanastahili kuambiwa ukweli.

Mteja wa kudumu afanyeje katika hali hii? Je, kuna wakati na namna ya kusema ambavyo havitamfedhehesha mwenzangu wala kunifanya mimi nionekane msumbufu? Naomba nisijibiwe "hamia kwingine" pekee. Mgahawa mwingine upo mtaa wa nyuma, lakini kelele zake ni za kutoelewana na mtu uliyekaa naye ana kwa ana.

Niliyebeba Sinia alijibu:

Ndugu Mkaazi, nimefanya kazi ya uhudumu kwa miaka 11 kabla ya kubadilisha shughuli, na maelezo yako yamenifanya nilione jiko hilo kana kwamba nimesimama ndani yake. Niruhusu nikusomee kwanza dalili ulizozitaja, kwa maana mteja huona kinachofika mezani tu, na mara nyingi humlaumu mpishi kwa kosa ambalo halikutokea kwenye moto.

Chakula kikishaiva huwekwa kwenye dirisha la jikoni kingoje kubebwa. Palipo na wahudumu wawili waliozoeana, mmoja huwa na jicho dirishani hata anapoandika oda ya meza nyingine. Hawaambiani, wanajua tu. Wakiondoka hao wawili akabaki mmoja, tena mgeni, yeye huyo ndiye atakayempokea anayeingia, atakayechukua oda, atakayepangusa meza, na atakayepokea malipo. Wakati huo bakuli lako limekaa dirishani dakika nane au kumi, na kama lilitoka moja kwa moja kwenye maji ya kusuuzia, basi lilikuwa la baridi tangu mwanzo na limeshainyonya supu joto lake. Mafuta huganda kwanza pale yanapogusa kingo za bakuli, kwa hiyo ulichokiona kinaeleza mambo mawili: chombo hakikupashwa moto, na chakula kilisubiri mbebaji. Kijana anayetazama mlango huku akikuwekea sahani, kwa maoni yangu, hana kiburi. Anahesabu watu wanaoingia na kujiuliza atawafikia saa ngapi.

Kuhusu bili, kumbuka vile vitu viwili vilivyozidi vilikuwa nini. Vikiwa tofauti, huo ni mkanganyiko wa namba za meza, na hutokea sana pale oda zinapoandikwa kwenye vikaratasi na mtu asiyeuzoea mpangilio wa ukumbi. Kikiwa kitu kile kile mara zote mbili, fumbua macho.

Sasa nije kwenye wakati wa kusema. Kosa la sahani lisemwe sahani ikiwa bado mezani. Mhudumu anaweza kurudisha bakuli jikoni likapata moto upya. Hawezi kurudisha bakuli la Jumanne iliyopita. Huhitaji hotuba, wala huhitaji kuomba radhi kwa kuomba supu ya moto, jambo ambalo wateja wapole hulifanya mpaka mhudumu anashindwa kuelewa kama analalamikiwa au anashukuriwa. Lakini mwenendo wa miezi mitatu, yaani bili, wahudumu na kusubiri, usiulete katikati ya msongamano wa mchana. Wakati huo mwenye mgahawa anakuitikia kwa mdomo huku kichwa chake kikiwa jikoni. Nenda baada ya wimbi la mchana kupita, viti vinapopangwa na sakafu inapopigwa deki. Saa hiyo ndiyo hata sisi tulikuwa tunaweza kukaa.

Na lile swali la "mambo yote sawa?" usijilaumu kwalo. Sisi tulizoezwa kuliuliza tukiwa tunatembea, kwa hiyo ni salamu zaidi kuliko swali, na wewe uliijibu salamu kama salamu. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hata akiwa na mgonjwa kitandani huanza kwa kusema "nzuri" au "salama", kisha ndipo huja "ila". Wewe uliishia kwenye salama. Siku nyingine mtilie na "ila" yake: "Salama, ila supu imepoa." Maneno manne tu, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Mlipa Bili alijibu:

Nitatofautiana kidogo na ndugu yangu hapo juu. Mteja analipa ili ale, halipi ili awe mshauri wa biashara ya mtu. Mchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili kuu, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu wake kwa mahali fulani ndio humchelewesha kuondoka. Binafsi naona huko kucheleweshwa ndiko kunakomtesha muulizaji. Miezi mitatu ya supu iliyopoa ni uvumilivu wa kutosha. Aende mtaa wa nyuma, na mauzo yatamfikishia mwenye mgahawa ujumbe.

Kuhusu kelele za huko, Mfaransa Étienne Lombard alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu hupaza sauti bila kukusudia pale anapozungukwa na kelele. Ukumbi ukijaa, kila meza hupaza sauti kuishinda meza ya jirani, na kelele hujizalisha zenyewe. Fika kabla haujajaa, ukae mbali na kaunta, na utakula kwa amani.

Mama wa Kaunta alijibu:

Ndugu Mlipa Bili, mimi ninao mgahawa mdogo, na nakuhakikishia kwamba mauzo hayafikishi ujumbe wowote. Mauzo yakishuka sijui kama sababu ni supu, ni mvua, ni barabara kufungwa, au ni mwisho wa mwezi ambao mishahara imechelewa. Mteja anayeondoka kimya haniachii hata dokezo. Nimewahi kubadilisha mpishi kwa kudhani tatizo ni ladha, kumbe wateja walikimbia viti vilivyokuwa vinawachana nguo. Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja aliyekuja kurekebisha bomba, akakaa kidogo, akainuka na suruali iliyotatuka.

Sasa nirudi kwa muulizaji na zile nyota zake. Mtafiti Michael Luca wa Harvard alichunguza migahawa ya Seattle, na katika matokeo aliyoyatoa mwaka 2011 aliona kwamba kuongezeka kwa nyota moja kwenye tovuti ya Yelp kuliambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Kilichonigusa ni kwamba athari hiyo ilikuwa kwa migahawa inayojitegemea, wala haikuonekana kwa ile mikubwa yenye matawi mengi. Naielewa sababu yake bila kufundishwa. Mgahawa wenye matawi unajulikana jina na ladha yake kabla mtu hajavuka kizingiti, ilhali mpita njia asiyenifahamu hana cha kunipimia isipokuwa hizo nyota. Kwa hiyo nyota mbili za mteja wa miaka 6, mwenye aya tatu zilizoandikwa vizuri, zina uzito ambao huenda hukuukusudia.

Sisemi watu wasiandike. Niliwahi kusoma maoni ya nyota moja kuhusu mgahawa wangu yaliyotaja meza ya pembeni, siku ya Alhamisi na glasi yenye alama ya rangi ya mdomo, na kabla sijafika mwisho nilishajua mwandishi ni nani. Siku hiyo ya Alhamisi aliniaga kwa kunipa mkono. Alichoandika kilikuwa kweli tupu. Glasi ile niliikuta mwenyewe kwenye beseni la vyombo na nikamgombeza aliyeosha. Lakini tangu siku hiyo hajarudi, nami sijawahi kumwomba radhi, kwa kuwa kila tunapokutana njiani mmoja wetu ana simu ya haraka ya kupokea.

Ukienda kuzungumza naye, mletee kitu cha kushika. Ukiniambia "siku hizi mmeharibika", nitaumia na nitajitetea, na jioni nitakuwa sijui nirekebishe nini. Ukiniambia kwamba Jumanne supu ilifika imepoa na Ijumaa ukasubiri dakika 40, nitajua siku hizo nani alikuwa zamu. Uanze na lile linalokukera zaidi, na mengine uyaache yaje yenyewe katika mazungumzo. Mteja anayetoa orodha ya makosa tangu mwaka juzi hunifanya nijiulize kwa nini alikuwa akinichekea muda wote huo.

Kipimajoto alijibu:

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa usalama wa chakula, na ningependa kuongeza jambo ambalo wachangiaji waliotangulia hawakuligusa, nalo ni kwamba si kila supu ya vuguvugu ni suala la adabu na huduma.

Miongozo mitano ya chakula salama ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2001 inahimiza usafi, kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kuhifadhi chakula katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Katika suala la joto, chakula kinapopikwa kinatakiwa kifike nyuzi 70 za Selsiasi hadi katikati, kikisubiri kupakuliwa kibaki juu ya nyuzi 60, na kikihifadhiwa kwenye jokofu kiwe chini ya nyuzi 5. Kati ya 5 na 60 vijidudu huongezeka haraka, na ndiyo maana chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje kwa zaidi ya saa 2.

Bakuli lililopakuliwa kutoka kwenye sufuria inayotokota, likakaa dirishani dakika 10, limepoteza utamu tu. Sufuria iliyoepuliwa asubuhi ikabaki vuguvugu mpaka mchana ni jambo jingine kabisa. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens hustawi katika masufuria makubwa ya supu na michuzi ya nyama yanayopoa polepole, na Bacillus cereus katika wali uliokaa nje huweza kutoa sumu ambayo haiondoki hata wali huo ukipashwa moto tena. Kwa hiyo, ndugu Mkaazi, siku nyingine supu ikija imepoa, angalia mezani kwa wenzako. Ikiwa yako peke yako ndiyo iliyopoa na ya jirani yako inatoa mvuke, maelezo ya Niliyebeba Sinia yanatosha. Ikiwa mabakuli yote yanafika vuguvugu, na hasa nje ya saa za msongamano, muulize mwenye mgahawa waziwazi kama sufuria hukaa kwenye moto mdogo wakati wote.

Na iwapo watu wataugua baada ya kula, hapo usimalize na maoni ya mtandaoni. Taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya afya, ambayo ina uwezo wa kuingia jikoni na kupima. Nyota za wateja na ukaguzi ni vipimo viwili tofauti. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2010 migahawa imekuwa ikipewa alama za usafi kuanzia 0 hadi 5 kutokana na ukaguzi, na alama hizo hazihusiani kabisa na ladha ya chakula wala tabasamu la mhudumu. Mgahawa mtamu unaweza kupata 1, na mgahawa usio na ladha yoyote ukapata 5.

Mkaazi wa Ghorofa ya Pili alijibu:

Nawashukuru nyote, hata ndugu Mlipa Bili, ambaye ushauri wake niliufuata kwa siku mbili. Nilikwenda mtaa wa nyuma mapema kama alivyoelekeza, nikala kimya kimya, na chakula kilikuwa kizuri. Siku ya pili nilijikuta nikitafuta kwa macho mtu wa kuniuliza kama ni ile ile ya siku zote.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa jirani yangu baada ya saa za mchana. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, naye alikuwa akihesabu vijiko. Nilimwambia juu ya supu, nikataja siku, nikaishia hapo. Hakujitetea. Alishusha viti viwili, akanieleza kwamba wale wahudumu wawili waliondoka wiki moja, mmoja akifuata mshahara mkubwa zaidi na mwingine akihama na familia yake, na kwamba tangu hapo yeye mwenyewe hulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku. Nilimuuliza kuhusu sufuria kama Kipimajoto alivyonielekeza, akaniita jikoni nikaione, ikiwa kwenye moto mdogo na inatokota pembeni. Mabakuli, hata hivyo, yalikuwa yamepangwa sakafuni karibu na mlango wa nyuma, mahali pa baridi kuliko pote. Tuliyatazama wote wawili kwa pamoja. Sasa yamehamishiwa kwenye rafu iliyo juu ya jiko.

Suala la bili lilijitokeza lenyewe, kama Mama wa Kaunta alivyotabiri. Meza hazikuwa na namba. Wahudumu wa zamani walikuwa wakiziita "ya dirishani", "ya feni", "ya mzee", na kijana mgeni hakuwa na njia ya kujua mzee ni yupi. Namba zimebandikwa. Ijumaa bili yangu ilikosewa tena, lakini safari hii kijana aligundua mwenyewe na kunifuata hadi barabarani na chenji. Kusubiri bado kupo. Nilikaa dakika 30 siku hiyo hiyo, na mhudumu wa pili hajapatikana.

Aliniuliza kwa nini sikumwambia siku ile alipopita mezani kwangu. Nilimjibu kwamba alikuwa anatembea. Jana amepita tena, akauliza kama mambo yote ni sawa, akasimama. Nikamwambia salama, ila chumvi imezidi kidogo. Akachukua kijiko safi kutoka kaunta, akaonja, akalibeba bakuli na kuelekea nalo jikoni bila kusema neno.